Feni, Chetezo na Bango la Saumu

Ilikuwa saa nane na dakika kumi mchana, mwanangu, nilipobonyeza swichi ya feni kwa mara ya kwanza ndani ya saluni ya Saumu, kule mtaa wa Shika Adabu, Mombasa. Saa naikumbuka kwa sababu niliitazama makusudi. Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mpimaji wa kila kitu, hata visivyohitaji kupimwa.

Nakuandikia haya kwa kuwa juzi uliniuliza ununue feni ya nguvu gani ili nywele za wateja wako zipepee kwenye picha. Swali lako ni zuri na jibu nitakupa. Ila nivumilie kwanza.

Mimi upigaji picha sikufundishwa na mtu. Nilinunua kitabu kikuukuu ambacho kurasa za mwanzo zilikuwa zimechanika, kwa hiyo elimu yangu ilianzia katikati. Humo mlikuwa na sura nzima kuhusu feni. Ilisema feni iwekwe chini na ielekezwe juu, hewa iingie chini ya nywele na kuzinyanyua, kwani ikikaa usawa wa uso nywele zitamchapa mtu machoni. Hayo ni kweli hata leo. Niliisoma sura hiyo mpaka nikaweza kuisema nimefumba macho. Kitabu hakikutaja udi mahali popote. Nadhani aliyekiandika hajawahi kukaribishwa katika nyumba ya watu wa Mombasa.

Saumu alikuwa jirani yetu. Alikodi chumba cha saluni kwa pesa za bangili ya dhahabu ya mamake, Bi. Mwanakombo, na bangili ya pili ilikuwa bado mkononi mwa mama ikisubiri kuona mambo yatakwendaje. Idi ilikuwa imekaribia. Wiki ya Idi hata mwanamke asiyejali nywele mwaka mzima hutafuta msusi. Lakini wote walikuwa wakimpita Saumu na kuingia saluni ya ng'ambo ya barabara, iliyokuwa na bango la mwanamke wa kigeni, nywele zake zimepaa kama anakimbizwa.

"Nataka kama lile, kaka Athumani," Saumu aliniambia. "Nywele zipae."

"Zitapaa."

"Zipae kumshinda yule."

Mchapaji wa mabango alikuwa mtaa wa Changamwe, na alisema picha imfikie kabla ya saa kumi na moja jioni, la sivyo mpaka baada ya Idi. Baada ya Idi bango lingekuwa la nini? Kodi ingekuwa imefika, na bangili ya pili ingeifuata ya kwanza.

Saumu mwenyewe ni mtu wa buibui na hakuweza kuweka nywele zake barabarani zitazamwe na kila apitaye. Alimwomba Njoki, msichana wa bara aliyekuwa akifanya kazi kiwandani na kupanga chumba cha pili yake. Njoki alikuwa na nywele nyingi, ndefu, na alikubali kwa masharti mawili: anyooshwe nywele bure, na nakala ya picha apelekewe mamake kijijini.

Basi nikapanga vyombo. Nilichora alama za chaki sakafuni, hapa stuli, hapa feni, hapa miguu yangu. Feni nilikuwa nimeinunua mpya kwa kazi hiyo. Nikaitoa kwenye mguu wake, nikailaza chini, nikaielekeza juu kama kitabu kilivyosema, nikawasha namba moja.

Hakuna unywele uliotikisika.

"Mbona zimelala?" Saumu akauliza.

"Umempaka mafuta kiasi gani?"

"Ya kutosha."

"Ya kutosha kichwa au ya kutosha sufuria?"

Njoki akasema kutoka kwenye stuli, "Mimi najiona kama samaki wa kupaka. Bado ndimu tu."

Saumu akachukua taulo na kuanza kuyakausha yale mafuta ya nazi. Mimi nikatoka kwenda kwa fundi redio kuazima waya mrefu, maana soketi ilikuwa mbali na pale nilipotaka kuisogeza feni. Nikiwa nje, Saumu alileta chetezo chenye makaa, akatia udi, akamfukiza Njoki nywele. Ndiyo desturi yake mpaka leo: mteja hatoki kwake hajanukia. Niliporudi chumba kizima kilikuwa kinanukia.

"Picha hainuki, Saumu," nikamwambia.

"Wewe piga. Asiyenukia hakai vizuri."

Kwa hili la pili alisema kweli. Njoki alikuwa ameketi wima kama bibi harusi, gauni refu aliloazimwa na Saumu limemwagika mpaka sakafuni kuizunguka stuli yote. Mwanangu, mimi nilikagua alama zangu za chaki. Nilikagua kamera. Nilikagua waya. Udi niliusikia puani na chetezo sikukiona popote, na haikunijia akilini kuuliza kimekwenda wapi. Saumu alikuwa amekisukuma chini ya stuli ili kisionekane pichani.

"Nywele bado zina mafuta," nikasema. "Tuanze na namba tatu."

Nikawasha.

Gauni lilijaa hewa kama mwavuli. Kisha chini yake likatoka wingu jeupe, likapanda mbele ya uso wa Njoki, na hapo hapo nywele zikapaa. Wallahi zilipaa vizuri! Kidole changu kikabonyeza kamera chenyewe. Baada ya hapo sikuona tena, kwa sababu majivu yalikuwa yamenifikia na mimi.

"Zima! Zima, we!" Saumu alipiga kelele. Alimvuta Njoki kwenye stuli, akakitoa chetezo kwa pembe ya leso. Kaa moja lilikuwa limekwisha kula upindo wa gauni, tundu la ukubwa wa ukucha. Akalikanyaga. Hata sasa ninapoandika sicheki ninapofika sehemu hii.

Wingu lilipotulia, Njoki alikuwa amesimama katikati ya chumba. Nywele nyeupe, nyusi nyeupe, kope nyeupe, machozi yanachora mistari miwili mashavuni. Ndipo pazia likafunuliwa, Bi. Mwanakombo akaingia kuuliza kelele ni za nini. Mama yule macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee. Alimtazama Njoki, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, bibi. Karibu. Umefika lini?"

Njoki alikuwa amelelewa vizuri na hakuweza kuacha salamu bila jibu. "Marahaba," akasema, kisha akakohoa majivu.

Saumu alikaa chini akacheka mpaka akalia, na kulia kwenyewe kukageuka kuwa kweli. "Saa imekwenda, mama. Nywele nikizitia maji zitajikunja zilivyokuwa kabla sijazinyoosha. Sina bango. Nimekwisha."

Bi. Mwanakombo alipoelezwa hakunifokea. Aliniuliza taratibu, "Athumani, hizi chaki ni za nini?"

"Za vipimo, mama."

"Umepima sakafu?"

"Ndiyo, mama."

"Umepima upepo?"

"Ndiyo, mama."

"Na chetezo ulimuuliza nani?"

Nikainama, nikaanza kufuta alama za chaki kwa kiganja.

"Kijana mzuri wewe, una akili. Lakini umeingia nyumbani kwa watu ukauliza ukuta na soketi, watu wenyewe hukuwauliza. Ungemchoma mwana wa watu kwa ajili ya nywele kupaa." Kisha akanyoosha mkono. "Haya, nionyeshe hiyo picha."

Nikamsogezea kioo cha kamera mpaka puani. Akaitazama muda mrefu. Ilikuwa picha ya mwanamke mwenye nywele nyeupe zilizosimama, macho yamemtoka, mdomo wazi.

"Huyu," akasema, "hata mimi ningesimama njiani nimuulize kapatwa na nini."

Saumu akaacha kulia. Akamtazama Njoki, akatazama saa, akashika kitana. Majivu makavu hutoka kwa kitana na subira, na mafuta yaliyobaki yalirudisha mng'aro. Nikampiga Njoki picha ya pili bila feni. Nywele zimelala mabegani, yeye akijizuia kucheka. Nilifika Changamwe nikihema, mchapaji ameshika kufuli.

Bango lilikuwa na picha mbili, bibi mweupe kushoto na msichana kulia. Mimi nilihofu watu watadhani ni mvi na tutakuwa tumewadanganya. Kwa hiyo Saumu akaamuru yaandikwe maneno ya kweli: HATA MAJIVU YANATOKA.

Hakuna aliyepita asiulize. Wanawake walivuka barabara kutoka upande wa pili. "Saumu, majivu gani tena?" Na akishaingia kuuliza, anakuta kiti, kioo na harufu ya udi, basi anakaa. Wiki ile ya Idi Saumu alisuka mpaka vidole vikavimba, na bangili ya pili haikutoka mkononi mwa Bi. Mwanakombo. Mama yake Njoki alipelekewa picha zote mbili. Akajibu kwamba ile ya kushoto inafanana na marehemu bibi yake Njoki.

Sasa jibu lako. Nunua feni ndogo, ilaze chini, anza na namba moja, na mafuta yapunguzwe mapema. Hayo ni ya kitabuni. Yasiyo ya kitabuni ni haya: kabla hujawasha, inama utazame chini ya stuli. Muulize mwenye chumba ameweka nini na wapi. Muulize anayepigwa picha kama yuko salama na kama yuko tayari, na ungoje akujibu. Kipimo ulichochukua peke yako hakijakamilika, hata kiwe sahihi namna gani.

Mwenyezi Mungu akupe jicho zuri na ulimi wa kuuliza, awalinde wote watakaokaa mbele ya kamera yako, na watoke kwako wakinukia.

Ile feni nilimuuzia fundi redio. Niliinunua shilingi elfu mbili na mia nne, akanipa mia sita. Hasara yangu yote ni shilingi elfu moja na mia nane.