Jina Nililompa Mama wa Kituruki

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa swali moja tu. Nilikuwa nimeacha ukarani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, nikaenda kuomba kazi kwenye banda la video karibu na soko la Bariadi. Mwenye banda alikuwa mfanyabiashara mzaliwa wa Kondoa, mtu wa swala tano, mji mzima ukimwita Alhaji. Akawasha televisheni. Kulikuwa na tamthilia ya Meksiko, dada wa kazi analia jikoni mbele ya bosi wake.

"Huyu anasema nini?" Alhaji akaniuliza.

"Sijui, Alhaji. Hicho si Kiingereza."

"Sikukuuliza kama unajua. Nimekuuliza anasema nini."

Nikautazama uso wa yule dada. "Anasema ana mimba ya mtoto wa tajiri."

Alhaji alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Umepata kazi. Kesho saa nane mchana uwe hapa. Na usile vitunguu, maiki si yako peke yako."

Ninyi vijana wa siku hizi mnaletewa tamthilia kwenye simu, imeshatiwa Kiswahili tayari, kwa hiyo niwaeleze kazi yetu ilivyokuwa. Tamthilia ilikuja kwenye diski. Mtafsiri anakaa pembeni ya televisheni na maiki mkononi, anashusha sauti ya picha, halafu anaongea yeye. Mume ni yeye, mke ni yeye, polisi ni yeye, na kichanga akilia ni yeye. Chini ya picha kukiwa na maandishi ya Kiingereza unayasoma mbiombio. Unachokikosa unakiziba. Kuziba ni kujaza maneno yako mahali ambapo hukuelewa, na msidanganywe na mtu, kuziba ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Mtu kwenye picha anafoka dakika nzima, wewe umeambulia maneno matatu, utanyamaza? Jaribu uone kama hutarushiwa maganda ya miwa.

Kila nchi ilikuwa na namna yake ya kutafsiriwa. Wahindi walikuwa rahisi, maana neno moja likisemwa kamera inazunguka uso wa kila mtu ukoo mzima, unapata muda wa kufikiri. Wafilipino walibadilishiana watoto hospitalini, ukishajua hilo unajua nusu ya hadithi. Wanaijeria waliongea Kiingereza, lakini kile chao, na mama mkwe lazima awepo. Wamarekani walikimbizana na magari na kuongea kidogo, sikuwapenda. Wakorea ndio waliowapendeza wafugaji. Mfalme nilimwita ntemi, kama watawala wetu wa zamani, na wazee wakija mjini kuuza ng'ombe walikaa kimya kusikiliza baraza lake kama vile nao wameitwa.

Baada ya misimu michache ya pamba Alhaji alinihamishia banda lake la Maswa. Meneja wa pale alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mkavu, hakutaka niongeze hata salamu. Akinikamata nimeziba ananiita pembeni: "Hilo limeandikwa wapi?" Namwambia halijaandikwa, mzee, lakini linaeleweka. "Basi liache lieleweke lenyewe." Watu wakapungua, na mimi nikamwona mchawi wa furaha. Nikaomba uhamisho, nikapelekwa Mwandoya.

Mwandoya ilinifaa. Siku ya mnada wa ng'ombe banda lilijaa mchana kutwa, watu wanasimama mpaka nje. Msimamizi wetu alikuwa shemeji yake Alhaji, kijana wa mjini mwenye miwani ya jua hata ndani ya banda. Yeye alitaka kelele tu. "Wachekeshe, kaka. Wakicheka wanarudi."

Pale majina ya kigeni hayakushikika, kwa hiyo nikawapa wahusika majina ya kwetu. Hii ilikuwa desturi ya watafsiri wote. Alhaji aliniwekea mpaka mmoja tangu Bariadi: usitumie jina la mtu anayeweza kuingia mlangoni. Mimi kwa kiburi changu nikauvuka.

Ilikuja tamthilia ya Kituruki. Jumba kubwa, familia ya kitajiri, na mama mkwe mzee mwenye macho makali anayetembea taratibu koridoni. Diski ile ilikuwa na maandishi ya Kiarabu. Sikuelewa hata herufi. Yule mama mkwe nikamwita Minza.

Minza alikuwa mjane aliyeuza maziwa pale senta, nyumba yake nyuma ya mashine ya kusaga. Alikuwa na kikohozi cha kukata maneno katikati. Nikamwigiza mpaka kikohozi. Banda likavunjika kwa kicheko! Hata yeye alipoambiwa alicheka, akaniambia njiani, "Baba, siku hizi mimi ni tajiri wa Uturuki?"

Halafu ikafika sehemu ambayo yule mama wa kwenye picha anainama juu ya meza, anashika kikombe cha mjukuu, anatazama nyuma. Sehemu inayofuata mtoto amelala kitandani, watu wanalia. Nikaziba. Nikasema kwa kikohozi kile kile, "Kunywa maziwa, mjukuu wangu, ulale." Maziwa niliyaweka mimi, kwa sababu Minza aliuza maziwa, na nilijua watu watapiga kelele. Walipiga.

Wiki ile ile mtoto wa jirani yake Minza akaanza kutapika na kuharisha. Mambo ya kawaida wakati wa mvua. Lakini alikuwa amekunywa maziwa ya Minza. Nilisikia minong'ono kwanza kwenye mashine, kisha sokoni. Mjane, mzee, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Mnaoijua nchi yetu mnajua maneno hayo yakikutana mtu anaitwa mchawi, na mchawi hufuatwa usiku. Ua wake wa miiba ukachomwa.

Nilikwenda kwake asubuhi. Nilimkuta anawamwagia mbwa maziwa.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma, kama mama yangu.

"Mwangaluka." Hakuinua kichwa. "Mwanangu, kwenye picha yako nimewafanya nini hawa watu?"

Nikachuchumaa mbele yake.

"Waambie yule si mimi," akasema. "Mimi wakija usiku sina pa kukimbilia."

Msimamizi nilipomweleza alivua miwani kwa mara ya kwanza. "Kaka, usiguse kitu. Banda halijawahi kujaa hivi. Yatapita."

"Akiuawa je?"

"Utakuwa umemuua wewe? Si watu tu na mambo yao?"

Siku ya mnada nikajaribu kwa upole. Mama mkwe alipotokea nikampa jina jingine, na sauti nyingine. Wakazomea. "Usitufiche! Ni Minza huyo!" Mzee mmoja mfugaji, mteja wangu mkubwa wa Wakorea, akasimama na fimbo yake. "Huyu anajua Kituruki. Alichosema kwanza ndicho cha kweli. Leo ametishwa."

Hapo ndipo nilipoelewa shida yangu. Waliniamini. Miaka yote ile waliamini ninajua Kikorea, Kihindi, Kituruki, na heshima yangu yote ilikaa juu ya imani hiyo. Nilitembea Mwandoya nikiitwa mwalimu. Nikaogopa, nasema kweli.

Nikasimamisha picha, nikaweka maiki chini, nikapandisha sauti ya Waturuki wenyewe.

"Sikilizeni. Mnaelewa nini?"

"Hatuelewi."

"Hata mimi sielewi. Sijui Kituruki. Sikuwahi kukijua. Jina la Minza ni langu, kikohozi ni changu, maziwa ni yangu."

Nikarudisha nyuma mpaka kwenye kile kikombe, nikakigandisha. Nikamwita mbele mama wa yule mtoto mgonjwa, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na mwanawe mgongoni, ameshapata nafuu. "Tazama mwenyewe. Ni maziwa hayo?"

Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Ni glasi," akasema. "Chai ya rangi." Akageukia watu, akarudia kwa Kisukuma, kwa hasira. "Ni chai!"

Yule mzee wa fimbo akaniuliza taratibu, "Na ntemi wa Wakorea? Yale maneno aliyomwachia mwanawe akifa?"

"Yangu, baba."

Alinitazama kidogo, akatoka. Yeye alikuwa amelia siku ile ya ntemi, nami nilimwona. Wengine wakamfuata, banda likabaki mabenchi. Msimamizi hakunifokea. Aliniambia tu nikabidhi maiki. Lakini kesho yake yule mama wa mtoto alipeleka kibuyu chake kwa Minza kununua maziwa mbele ya watu wote, na siku ya tatu wakaja wengine. Baadaye mwanawe Minza alimchukua, wakaenda kuishi Kimali.

Hiyo ndiyo ilikuwa kustaafu kwangu. Nimelima pamba, nimezeeka, sijutii kuiacha maiki. Mwaka jana mwanangu alifunga king'amuzi nyumbani, na jioni moja nikaiona tamthilia ile ile ya Kituruki, sasa ina Kiswahili safi cha watu wenye studio. Niliitazama yote mpaka mwisho. Mama mkwe yule hakumwekea mtoto sumu. Mkwewe ndiye aliyeiweka. Bibi aliinama pale mezani kuibadilisha ile glasi, akachelewa, na familia nzima ikamtupia yeye lawama.

Sikulala vizuri. Nikapanda basi mpaka Kimali, nikamkuta Minza amekaa kwenye ngozi ya ng'ombe, haoni vizuri tena, lakini sauti yangu aliijua mara moja. Nikamsimulia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa.

"Kumbe na yeye ulimsingizia," akasema.

"Na yeye, mayu."

"Mimi ulirudi ukanisemea." Akanyoosha mkono kutafuta wangu. "Yeye kule kwao, alipata mtu?"