Saa Tano ya Dereva

Ofisi yetu iko Ukunda, juu ya duka la vipuri, karibu na Kona ya Musa. Tunatengeneza mfumo wa kuwapangia madereva safari za wageni wa hoteli za Diani. Mgeni hupata ujumbe kwa Kiingereza, dereva kwa Kiswahili, na hapo ndipo penye kazi: ile ambayo mgeni huiita saa tano ya asubuhi, dereva wetu huijua kuwa ni saa kumi na moja alfajiri.

Mimi ni mzaliwa wa Msambweni, sikuhitaji kufundishwa hilo. Nikaandika maktaba ndogo, yaani msimbo uliotengwa ili programu nyingine ziutumie. Lugha ya kompyuta tuliyoichagua ni ya zile ambazo kila kitu hujengwa kwa fanksheni, vipande vya msimbo vinavyopokea thamani na kutoa nyingine, na kila thamani ina aina yake. Katika maktaba yangu, saa ya Kizungu ilikuwa aina moja na saa ya Kiswahili aina nyingine. Ndani yake zote ni nambari tu, lakini ukiitia moja mahali pa mwenziwe, kompaila, ile programu inayokagua msimbo kabla haujaanza kazi, inakataa katakata. Njia ya kuvuka ilikuwa moja: fanksheni ya kubadilisha saa, niliyoiandika na kuijaribu mpaka nikaridhika.

Mwenzangu wa kazi, mwanamume aliyekuja kutoka bara, hakuipenda hata siku moja.

"Sista, hii kompaila inanisumbua tu," alikuwa akisema. "Namba ni namba."

"Namba ni namba, lakini saa tano ya mgeni si saa tano ya dereva."

"Si tutakuwa tunaangalia kwa macho?"

"Macho huchoka. Kompaila haichoki."

Tulibishana hivyo kila tulipofungua msimbo. Alikuwa mwepesi wa kazi kuliko mimi, na bosi alipenda wepesi. Kisha mama yangu akaugua, nikaenda Kwale kumwuguza. Niliporudi, sehemu mpya ya safari za uwanja wa ndege ilikuwa imeshaanza kutumika na kila mtu alikuwa akiisifu. Hakuna aliyeniambia kwamba aina zangu mbili zilikuwa zimefutwa, zikageuzwa nambari tupu, ili ile sehemu mpya ipite bila kukataliwa na kompaila.

Aliyenijulisha ni dereva. Mtu mzima wa Gazi, mpole, aliyekuwa akituendeshea tangu mfumo ulipoanza. Alipanda ngazi taratibu, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeachishwa kazi."

Akanipa simu yake nisome. *Mchukue mgeni saa 5 asubuhi.*

"Nami nilifika saa nne na nusu," akasema. "Nikamkuta mama mmoja na bintiye langoni, wamenisubiri tangu alfajiri. Ndege imeshawaacha, binti analia. Pale hotelini wakasema nimelewa, wakamwambia bosi wenu aniondoe. Mimi, mwanangu, nimelewa! Mbele ya watu."

Nilifungua msimbo yeye akiwa amekaa kando yangu, na haikuchukua muda kuona kilichofanyika: saa 5 ya mgeni ilikuwa imepita hadi kwa dereva bila kubadilishwa. Nikamwita mwenzangu, tukaingia kwa bosi sote watatu. Mwenzangu hakujificha, alisema, "Ni mimi niliyebadilisha." Lakini bosi alikuwa ameshaamua.

"Dereva mwenye akili angeuliza," akasema.

"Aulize nini?" nikamjibu. "Ameandikiwa saa, akafika kabla ya saa."

"Rekebisheni huo mfumo. Habari ya dereva niachieni mimi."

Tuliurekebisha siku ile ile. Habari ya dereva ilikaa kwa bosi, ikakaa, kila nikimwuliza ananiambia bado. Na mwenzangu, baada ya yote yale, akaniambia tatizo lilikuwa maneno ya ujumbe, si aina. Nikatoka nje nikanunua maji, nisije nikamjibu vibaya.

Nikadhani wenye ujuzi zaidi watanielewa. Niliwaandikia wasimamizi wa maktaba kubwa ya saa inayotumika duniani kote, nikapendekeza waruhusu hesabu inayoanza jua linapochomoza. Mmoja akanijibu kwa adabu kwamba wakati ni mmoja, tofauti ni ya kuonyesha tu kwenye kioo cha simu. Nikamweleza habari ya mama na bintiye langoni. Wakanishukuru kwa mchango wangu, wakafunga mjadala.

Mwisho nikaenda mwenyewe hotelini. Meneja alinisikiliza, akausoma ule ujumbe, akakubali kwamba dereva amesingiziwa na kwamba anaweza kurudi. Nikampigia dereva simu nikiwa bado pale kwenye maegesho. Alikuwa ameshahamia Vanga kwa ndugu yake, akishughulika na mashua.

"Mjomba, mambo yamekwisha. Wamekubali kosa si lako. Rudi kazini."

"Allah akulipe kheri, mwanangu. Wewe umenitetea. Lakini wale walioniita mlevi, wamekuagiza uniambie neno lolote?"

Hawakuwa wameniagiza. Nikamwambia ukweli.

"Basi sirudi," akasema, bila hasira, kisha akaniombea safari njema ya kurudi ofisini. Hasira yote ikabaki kwangu, nami nimesimama juani na simu mkononi, nikijua kwamba msimbo ni sahihi sasa na haumsaidii kitu.