Kibao cha Pedeli ya Kushoto

Ilikuwa mwaka ule wa mvua nyingi. Hapana, nasema uongo. Mwaka wa mvua nyingi ndio aliofariki kaka yangu, maana kaburi lilijaa maji tukawa tunachota kwa ndoo huku shehe wa zamu na jirani wakigombana nani ashike koleo. Hili ninalolieleza lilitokea mwaka uliofuata, wakati wa jua kali, nilipokuwa napaka rangi ukuta wa shule ya sekondari, ule unaotazama uwanja. Nakumbuka kwa sababu rangi ilikuwa inakauka kwenye brashi kabla haijafika ukutani.

Mke wa kaka yangu ni dobi. Mtaa mzima unamwita Mama Pasi. Mimi namwita shemeji, na yeye akiwa na furaha ananiita shemeji, akikasirika ananiita mpaka chokaa, mimi fundi wa rangi. Anafanyia kazi chumba cha mbele. Humo mna meza ndefu aliyotengenezewa na marehemu, imetandikwa blanketi lililoungua hapa na pale kwa umbo la pasi, na juu kuna kamba zilizokatizana hata ukiingia lazima uiname kama mwizi. Anafua mashuka ya nyumba ya wageni iliyoko upande wa pili wa mji. Anafua pia mashati ya wanaume wasio na wake, na ya wale wenye wake wavivu. Hayo ni maneno yake, mimi simo.

Mguu wake wa kushoto ni mfupi. Aliugua utotoni, mguu ukagoma kukua na mwenzake. Akitembea huyumba, bega linashuka na kupanda kama mtu anayechota maji kila hatua. Watoto walikuwa wakimwiga. Wakubwa walimtazama sana halafu wakajifanya wanatazama angani, jambo ambalo naona ni baya zaidi. Lakini juu ya baiskeli alikuwa amenyooka kama mkunjo wa suruali aliyoipiga pasi mwenyewe. Mgongo wima, kidevu juu, furushi la mashuka nyuma kwenye keria, kengele mkononi. Alikuwa akifika nyumba ya wageni anaweka mguu mmoja kwenye ngazi, anakabidhi furushi bila kushuka, anageuza. Yule dada wa mapokezi alimjua miaka na miaka bila kujua kwamba anachechemea.

Siri ilikuwa kibao. Kaka alikuwa seremala. Walipooana tu alichukua mguu wa meza iliyovunjika, mti mgumu unaokataa msumari, akachonga vipande viwili. Kimoja alikifunga juu ya pedeli ya kushoto na kingine chini yake, ili pedeli ikizunguka vyovyote mguu ukute ubao. Hilo sikusimuliwa, nilikuwepo. Aliegemeza baiskeli ukutani, akampandisha mkewe, akamlazia pimamaji mabegani, ile ile yenye povu ndani anayowekea madirisha.

"Povu limekwenda kushoto. Shuka."

Anaparua kidogo kwa randa.

"Panda. Bado. Shuka."

"Wewe," shemeji akasema, "mimi ni mke au ni kabati?"

"Kabati lingenyamaza."

Wakaendelea hivyo mpaka povu likatulia katikati. Kaka akaweka randa chini. Shemeji akatoka na ile baiskeli mpaka mwisho wa barabara, akapinda kona, na hakurudi mpaka chai ikapoa na sisi tukaanza kununa. Tangu siku ile kibao hakikubanduka. Miaka ilipopita kikaingia shimo dogo pale unyayo unapokanyaga, laini kama ndani ya kijiko, kikawa ni cha mguu ule na si cha mwingine.

Sasa nije kwa wale mabwana.

Mwanawe shemeji ni mpima ardhi. Ni mtoto mzuri, sitaki mtu amfikirie vibaya. Alijiunga na chama cha wapenda baiskeli, na chama hicho hukutana Jumapili kwenye uwanja wa ile shule niliyokuwa naipaka rangi. Kwa hiyo niliwaona wote kutoka juu ya ngazi yangu, na nitasema kweli, nilikuwa nikiwatazama kwa kinyaa, kinyaa cha mtu aliyekuta unywele kwenye chai.

Kwanza, baiskeli zao zilikuja juu ya magari. Mimi nilizoea baiskeli inabeba mtu, inabeba gunia, inabeba mgonjwa. Hizi zilifungwa kwa mikanda yenye manyoya zisichubuke, zikateremshwa na watu wawili wawili kama maiti, zikasimamishwa juu ya zulia. Zulia, uwanjani! Mama mmoja mjamzito alikuwa amesimama juani, hakuna aliyempa hata kigoda.

Mwenyekiti wao alikuwa daktari wa meno. Alichuchumaa mbele ya baiskeli kuukuu aliyoifufua, akawa anasugua mnyororo kwa mswaki, jino moja moja, huku akiongea nayo kwa sauti ya chini. Nilitamani kujua kama ni mswaki wa nyumbani au wa kazini.

Mwenzake alikuwa wakili mwenye tumbo la heshima, amevaa nguo za kubana zilizoonyesha mambo ambayo hata mkewe angeomba asionyeshwe. Yeye alikuwa na baiskeli mpya.

"Inue," akamwambia daktari. "Inue tu. Kidole kimoja."

"Mashallah! Nyepesi kama unyoya."

"Na bado. Nimeagiza tandiko jingine, litapunguza tena."

"Lakini mpya haina roho, bwana. Hii yangu nati zote ni za asili. Zote! Hata kutu ya ndani ni ya asili."

"Roho haikupandishi mlima."

"Kwani wewe umepanda mlima gani? Wewe lifti ikiharibika hurudi nyumbani!"

Wakacheka, wakapigana mabega. Mimi nilikuwa nimeshuka kuchota maji ya kusafishia brashi. Nikapita karibu, nikanyoosha mkono kugusa ile kengele ya daktari, maana ilifanana na ya kaka.

"Mzee, usiguse tafadhali," akasema, kwa upole kabisa. "Mkono una chumvi, itashika kutu."

Nikauweka mkono wangu mfukoni. Nimepaka rangi nyumba za watu maisha yangu yote, na hakuna aliyewahi kuniambia mkono wangu una chumvi.

Wiki moja kabla ya maonyesho yao makubwa, yule mpima ardhi alikuja kwa mama yake.

"Mama, naichukua baiskeli ikapigwe grisi."

"Inalia wapi?"

"Hailii. Ni grisi tu."

"Hebu iache. Mashuka nitapeleka na nini?"

"Siku chache tu, mama. Baba mdogo atakusaidia kubeba."

Baba mdogo ndiye mimi. Nikabeba. Shemeji alitembea nyuma yangu akiyumba, tukipita njia za uchochoroni, maana hakutaka barabara kubwa. Mlangoni pa nyumba ya wageni alinisimamisha kwenye kona, akasema niingie mimi peke yangu.

Jumamosi kijana akanifuata pale ukutani, macho yanang'aa. "Baba mdogo, kesho mlete mama. Usimwambie kitu. Wanachama wote wameshika kazi. Kuna aliyechukua magurudumu, kuna aliyechukua fremu, mwenyekiti amefanya vidogo vidogo vyote kwa mkono wake. Mama atalia kwa furaha."

Nikamleta. Alivaa gauni lake la kijani. Kutoka geti mpaka kwenye zulia ni mbali, na uwanja hauna uchochoro. Wote waligeuka kumtazama akija, bega chini, bega juu, halafu wote wakatazama angani.

Katikati palisimama kitu kimefunikwa shuka jeupe. Shuka nililitambua, limeazimwa nyumba ya wageni, nililibeba mwenyewe wiki ile. Mwenyekiti akatoa hotuba kuhusu urithi, kuhusu vyuma vya zamani vilivyojua heshima, akasema chama kimeokoa mali iliyokuwa inakufa. Inakufa! Baiskeli iliyokuwa inafanya kazi kila siku ya Mungu. Kisha akavuta shuka.

Mimi ni mpaka rangi, siwezi kusingizia. Rangi ilikuwa safi. Nyeusi nzito, haikuchirizika popote, na mstari mwembamba wa dhahabu uliopigwa na mtu asiyetetemeka. Usukani uling'aa hadi ukaumiza macho. Watu wakapiga makofi. Mpima ardhi alikuwa anamtazama mama yake usoni, anangoja machozi.

Shemeji hakutazama rangi wala usukani. Alitazama chini, upande wa kushoto. Palikuwa na pedeli mpya ya chuma, na jirani yake ya kulia ilikuwa hivyo hivyo, zinafanana kama mapacha.

"Kikombe cha mshindi wa kwanza!" mwenyekiti akatangaza. "Na sasa mama mwenyewe atatuzungushia raundi moja. Mpigieni makofi!"

Nikasema, "Shemeji, si lazima."

"Nyamaza, mpaka chokaa," akasema, lakini kwa sauti ndogo. Nadhani aliona mwanawe anavyotabasamu.

Akapanda. Kulia kukashuka vizuri. Kushoto mguu ukatafuta, ukanyooka, ncha ya kiatu ikagusa chuma, ikateleza. Kiuno kikahama kwenye tandiko kuufuata mguu. Nikaona mabega, yale mabega aliyolaziwa pimamaji, yanalala upande mmoja mbele ya watu wote. Alijaribu tena, naye si mtu wa kukata tamaa. Baiskeli ikapinda, ikaanguka naye.

Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kukimbia. Nilimsifu moyoni, kwa muda wa kufumba na kufumbua. Akapiga magoti kando ya baiskeli. Alikuta mkwaruzo kwenye madigadi, akalowesha kidole gumba kwa mate, akausugua, akalowesha tena, akasugua. Shemeji alikuwa amekaa vumbini, gauni limepanda, kiatu kimoja mbali. Daktari wa watu, na mate yake! Nimeshaona mengi, nimekwangua kuta za vyoo, lakini kile kidole ndicho kinachonirudia ninapotaka kula.

Mwanawe akampa mkono. Shemeji hakuushika. Akajiinua kwa kunishika mimi bega, akapangusa gauni, akauliza kwa utulivu, "Kibao changu kiko wapi?"

"Kibao gani, mama?" mwenyekiti akasema bila kuinua kichwa.

"Cha pedeli."

"Ah, ile mbao?" wakili akadakia. "Haikuwa ya asili ile, mama. Tumeirudisha baiskeli kama ilivyotoka kiwandani."

"Mimi sikutoka kiwandani," shemeji akasema.

Mtu akacheka nyuma, akadhani ni mzaha. Mpima ardhi alikuwa amebadilika rangi. Alikulia kwenye keria ya baiskeli ile, uso wake kwenye mgongo ulionyooka. Kibao alikiona kila siku, naye akadhani ni kiraka tu, kwamba mpira wa pedeli uliisha na baba yake akaziba. Hakuna aliyemwambia. Kaka hakuwa msemaji, na shemeji si mtu wa kuueleza mguu wake.

"Nani alifungua pedeli?" kijana akauliza wenzake.

Aliyechukua magurudumu akasema yeye ni magurudumu tu. Aliyechukua fremu akasema ilimfikia ikiwa tupu. Mwenyekiti alikuwa bado anasugua. Mimi nimepaka milango isiyo na hesabu, na sijawahi kupaka mlango nikauacha haufunguki, halafu nikaomba kupigiwa makofi.

Kijana alihangaika, nampa haki yake. Alikwenda kuchakura shimo la taka nyuma ya nyumba ya mwenyekiti, akarudi ananuka, mikono mitupu. Aliwaandikia wanachama wote kwenye simu kuwauliza. Wakamtumia picha ya kikombe. Tangu hapo hajaenda tena Jumapili, na akija kwa mama yake anakaa mlangoni kama mgeni.

Mimi nilichonga kingine. Nilichukua randa ya kaka na pimamaji ya kaka, nikamwegemeza shemeji na baiskeli yake ukutani pale pale. Lakini mimi mkono wangu ni wa brashi. Povu lilikimbia huku na huku, na zile pedeli mpya ni za mviringo, zinateleza, kibao kinazunguka chenyewe kama kinanicheka. Siku ya tatu au ya nne shemeji akanigusa mkono.

"Basi, shemeji. Umejitahidi."

Aliniita shemeji, wala hakuwa na furaha, na ndipo nilipojua kwamba amekata tamaa.

Siku hizi anaisukuma. Furushi liko kwenye keria, yeye kando, ameegemea usukani kama fimbo, anapita barabara kubwa kwa sababu uchochoroni magurudumu yanazama mchangani. Ile rangi imeanza kuchubuka, na sipaki tena. Siku ya kwanza alipofika hivyo nyumba ya wageni, dada wa mapokezi alitoka mbio.

"Jamani mama! Umeumia lini?"

"Zamani," shemeji akamjibu, akampa mashuka.

Ukuta wa shule niliumaliza siku nyingi. Ila Jumapili miguu yangu hunipeleka kule, mimi ni mtu wa kuzurura toka ujana. Bado wanakutana. Zulia lile lile, mswaki ule ule. Wakili sasa ana baiskeli nyepesi kuliko ile nyepesi. Nasimama pembeni ya zulia, mikono mfukoni wasiogope chumvi, nawasalimu vizuri, wananiitikia vizuri. Nangoja wamalize habari za matairi. Kisha nawauliza, kwa adabu, kama nilivyowauliza mara zote:

Mabwana, samahanini, kile kibao mlikitupa wapi?