Swali la Kumwachia Mtoto

Chumba chetu hapa mtaani Buyenzi kimegawanywa kwa pazia. Upande huu nashona mimi. Upande ule mwanamke ninayeishi naye huwapokea akina mama waliotoa watoto wao, na watoto waliolelewa na wengine wanaotafuta walikotoka. Risasi zikilia milimani hunyamaza katikati ya sentensi, kisha huiendeleza palepale, kwa sauti ileile ya chini, vidole vyake virefu vikizungusha kikombe kilichokwisha chai zamani. Haandiki kitu, karatasi zake ziliungua pamoja na nyumba yake. Mama akikataa kuonekana, hamlaumu wala hambembelezi. Humwomba tu amwachie mtoto swali moja, naye hulitunza kichwani, hata kwa miaka, mpaka mtoto aje.

Juzi alikuja Khadidja, binti aliyelelewa barabara ya nyuma yetu, anayekaribia kuolewa.

“Mama yangu yuko muzima?”

“Yuko muzima, binti yangu. Ila apana, hataki muonane.”

Mguu wangu ukasimama juu ya kanyagio la cherehani.

“Hata jina lake?”

“Hata jina. Lakini aliacha swali.” Nikasikia kikombe kikiwekwa chini. “Anauliza kama bado unashikaga sikio ukitaka kulala.”

Nilipochungulia, binti alikuwa analia, mkono uko sikioni.

“Mumuambie bado nashikaga.”

Yule mwanamke akafumba macho, akayarudia maneno hayo polepole, midomo ikitikisika, asije akayapoteza njiani.