Amadi wa Nusu kwa Nusu

Ukitaka kumjua Amadi, tazama ukuta ulio kati ya nyumba yangu na ya Claudine, hapa Katuba. Umepinda kama mtu anayeumwa tumbo. Mimi na Claudine tuligombania mpaka, tukamwita Amadi, fundi cherehani wa barabara yetu, atuamue. Akapima, akatabasamu, akasema, "Nusu kwa nusu." Tukaujenga pale alipopindisha kamba ili kila mmoja aridhike. Tangu siku hiyo mvua ikinyesha maji yanaingia kwa Claudine na kwangu sawasawa, na hakuna mwenye haki ya kulalamika.

Nina ruhusa ya kumsema. Mimi ni mtu wa Pweto, wazee wake walitoka Maniema, na tunataniana tangu utotoni. Yeye husema nanuka samaki mkavu hata nikitoka kuoga. Mimi husema kuku wake akiliwa na nyoka, Amadi atauliza kwanza nyoka alikuwa na njaa kiasi gani. Dada wawili waliwahi kugombania kitenge cha marehemu mama yao. Akawashonea magauni mawili, kila moja nusu kitenge, nusu kitambaa cheupe. Mpaka leo hakuna aliyevaa lake.

Basi mtu kama huyo akiotwa na doa jeusi kwenye kisigino, unadhani atafanya nini? Aliliachia nafasi yake. Lilikuwa chini ya mguu wa kulia, ule anaokanyagia cherehani. Rehema, mkewe, aliliona likipanuka na kingo zake zikichongoka, akamsihi aende hospitali.

"Mama Zakari," Amadi alimjibu, "haisumbue muntu. Mi pia sitaisumbua."

Wakaishi kwa amani, yeye na doa lake, mpaka lilipopasuka na kutoa damu. Hapo ndipo Rehema alipomburuta. Madaktari walichukua kipande kidogo wakakipima, wakasema ni saratani ya ngozi, tena ikatwe upesi.

Ukoo ulikusanyika, nami jirani nikaitwa. Zakari, mwanawe, alitaka baba apasuliwe. Alima, dada yake Amadi, alitaka mizizi ya mganga wa kwao Kasongo. Sauti zikapanda. Na mwenye mguu, badala ya kuhofia mguu wake, akaanza kuwatuliza! "Bantu yangu, tuanze na mizizi kidogo, kisha tutaona mambo ya kisu." Wote wakanyamaza, wameridhika. Rehema peke yake alikuwa analia. Nilikasirika hata nikashindwa kumtania.

Aliyevunja ukimya ni Chadia, binti wa mdogo wake Amadi, ambaye ni daktari. Alivuta kigoda akaketi mbele ya mzee.

"Papa mukubwa," alisema, "mu mwili yako muko ba Amadi."

Tukacheka. Yeye akaeleza. Mwili una askari wake, seli zinazowinda kilichoharibika na kukiua. Lakini askari hao wakiachwa huru hawajui kukoma; watageukia viungo, figo, hata ngozi nzima. Kwa hiyo mwili una seli nyingine za kuwatuliza, za kuwaambia, jamani, inatosha. Bila hizo tungejila wenyewe.

"Munaona?" Amadi alisema, akijiweka sawa kitini. "Bantu ba maana."

"Ba maana kabisa. Na kansa inajua vile. Inabaita, banakuya bengi, banaikala karibu yake. Askari akifika, banamuambia: pole, baba, hapa hakuna mambo. Askari anarudia kwake. Kansa inakomaa mu ile kimya."

Amadi akauliza, kwa sauti ya mtu aliyesengenyewa ndugu zake, kama watulizaji hao hawawezi kufukuzwa. Chadia akasema wakifukuzwa wote, mwili utajipiga vita. Watafiti wanatafuta namna ya kuwalegeza pale kwenye uvimbe tu, na kuna dawa za kuwaamsha askari. Lakini kwa mzee, maadamu ugonjwa bado uko kisiginoni, dawa yake ni kisu.

"Sasa mi mwenyewe niko nachunga kansa?" Amadi akauliza polepole.

"Zile seli hazijue ziko nachunga nani, papa. Weye unajua."

Mizizi ikabaki Kasongo.

Siku ya kupasuliwa nilikuwa hospitalini, kando ya kitanda chake, pamoja na Rehema. Wakaja wapasuaji wawili. Alexis, aliye kijana, alitaka kukata karibu na doa ili kuokoa kisigino, fundi aendelee kukanyaga cherehani. Abigaïl, mkubwa wake, alitaka kukata kwa upana, nyama ya kisigino iende yote, pasibaki mbegu. Wakaanza kubishana. Nikaona macho ya Amadi yanang'aa. Ugomvi! Akajiinua kwa viwiko, akanyoosha mkono.

"Bana yangu, musigombane. Tufanye tu..."

Rehema akamziba mdomo kwa kiganja. Mama yule mpole, mbele ya watu wote.

"Acha bagombane," alisema. Kiganja hakukiondoa. "Baba Zakari, mi sitaki nusu yako."

Amadi alimtazama mkewe. Machozi yakamtoka, akayaacha yateremke. Kisha akauondoa mkono ule taratibu, akaushika, akamgeukia Abigaïl.

"Mama docteur, mukate yote."

Sasa anakanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto, na pindo za suruali anazoshona zimeanza kufanana na ukuta wetu. Chadia humpima kila mara, na hadi sasa hajaona kitu kibaya. Bado watu wanamwita kuamua ugomvi, na mara nyingi bado anawapatanisha.

Juzi mvua iliniharibia magunia mawili ya samaki wakavu ninaowauza. Mimi na Claudine tukamwita tena. Alikuja akichechemea, akauangalia ule ukuta wake mwanzo hadi mwisho, akafuta jasho.

"Mubomoe," akasema.