Wewe Si Upo, Fundi?

Fundi wa baiskeli wa pale karibu na soko la Karatu ametutoka. Habari nilizipata Jumatatu asubuhi, chai ikiwa mkononi. Aliyenipigia simu ni mmoja wa wenzetu tunaoendesha naye baiskeli kila Jumapili. Alisema presha ilimpanda fundi akiwa nyumbani na hakuwahi hospitali, kisha akauliza: "Sasa Jumapili nani atatuongoza?" Jamani! Maiti haijafika hata mochwari, mtu anauliza habari za matembezi. Nilikata simu kwa hasira. Hasira ilipoisha ukabaki uchovu, na ndio ninaoandikia leo, kwa hiyo mnivumilie.

Matembezi yenyewe aliyaanzisha bila kukusudia. Akishatengeneza baiskeli alikuwa na tabia ya kuijaribu kwenye barabara ya vumbi ya kwenda Kansay, yenye milima na kokoto za kutosha kuonyesha kasoro yoyote. Wateja wakaanza kumfuata: walimu, madereva wa watalii, wafanyabiashara waliotoka Moshi na Arusha, na mimi mwenye kitambi changu. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba yeye anakaa nyuma ya wote, na pampu yake na kifuko cha viraka. Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alipokuja mara ya kwanza, vijana walimwacha kwenye mlima wa kwanza. Akashuka kwenye baiskeli, akakaa pembeni ya barabara akilia kwa aibu. Fundi naye akashuka, akakaa kando yake, akaanza kupiga soga kwa Kiiraqw na mzee aliyekuwa akipitisha ng'ombe wake, kana kwamba hapo ndipo alipokuwa anakwenda tangu mwanzo. Mama alipopata pumzi wakaondoka. Huko mbele tulimuuliza mbona wamechelewa, akajibu, "Nani kachelewa? Chai si bado ipo?"

Halafu akapata kazi. Hoteli moja huko juu, karibu na lango la Ngorongoro, ilitaka mtu wa kutunza baiskeli za wageni, na wakamchukua yeye. Tulimpongeza kwa moyo wote. Mshahara wa kila mwezi, bima ya afya, watoto wanasoma bila mama yao kuhangaika, nani angekataa? Banda lake la bati akalifunga. Lakini sisi hatukufunga midomo. Simu zilimfuata mpaka huko juu: fundi, breki zangu zinalia; fundi, cheni imeruka; fundi, Jumapili tunapita wapi? Hai sizoni, yaani msimu wa watalii wengi, ilipofika, wageni wakajaa na mapumziko yake ya Jumapili yakawa ya kuombwa. Akawa anafanya zamu mbili Jumamosi ili mwenzake amshikie Jumapili. Alikuwa anashuka na gari la wafanyakazi alfajiri, macho mekundu, anapanda baiskeli, na kama kawaida anakaa nyuma.

Siku moja kwenye kibanda cha chai Kansay alisinzia ameketi, andazi mkononi, limeng'atwa mara moja. Tulicheka sana. Mtu akampiga picha. Kisha mmoja wetu akagundua tairi lake mwenyewe limelegea, akamtikisa fundi bega. Fundi akaamka, akaomba radhi, eti yeye ndiye aliyeomba radhi, akatoa tyubu na kuipitisha taratibu karibu na shavu mpaka akausikia upepo unapotokea. Akasema, "Leo nataka kila mtu ajifunze hili. Njooni, ni jambo dogo." Hakuna aliyesogea. Tukajibu kwa pamoja, kwa mapenzi kabisa, "Aa, wewe si upo, fundi?" Akacheka, akabandika kiraka.

Wakati wa kurudi nilikaa naye nyuma. Nikamuuliza, "Kaka, hivi wewe huchoki?" Akasema, "Nachoka, mwandishi. Shemeji yako kila siku ananiambia niache kimojawapo. Kazi siwezi, ina watoto ndani yake. Na hii nikiiacha itakufa." Nikamwambia haitakufa. Akanitazama, akauliza, "Nani anajua kuziba pancha hapo mbele?" Nilitazama migongo ile yote iliyokuwa ikipanda mlima, sikuona hata mmoja.

Tulimzika vizuri. Watu walikuwa wengi, hotuba zilikuwa nyingi, na kila aliyesimama alisema marehemu alikuwa mtu wa kujitolea. Mjane wake alisikiliza yote ameinamisha kichwa. Wiki mbili baadaye tulitoka tena kwenda Kansay, kwa heshima yake, tukijisifu kwamba tumeiendeleza kazi yake. Kwenye mlima wa pili pancha ikalia. Tukasimama wote, na wote tukageuka kutazama nyuma. Barabara ilikuwa tupu. Tulisimama hivyo muda mrefu kuliko inavyofaa kwa watu wenye akili timamu. Mwisho yule mama wa duka la vifaa akapiga magoti kwenye vumbi, akahangaika kuitoa tyubu, akaiweka karibu na shavu. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Sisikii kitu," akasema. Akaipitisha tena, polepole zaidi. "Hapa. Ni hapa."

Kiraka chake hakikukaa sawa, tukarudi tukisukuma. Lakini kilibandikwa. Nimekaa na jambo hili mpaka leo, na nililolipata ni dogo. Kila mtaa, kila ofisi, kila kwaya ina mtu wa kukaa nyuma ya wote, na sisi tunamwita wa kujitolea ili tusilazimike kumwita mtu aliyechoka. Ukiwa naye bado, usimwambie yupo. Mwombe akufundishe, ujifunze kweli, kisha umwache akalale.