Ukuta wa Mbele

Baba yangu hukoroga mota kama mtu anayewapikia wageni uji. Anachekecha mchanga wa mtoni, anamwaga simiti juu yake, anageuza lundo likiwa kavu mpaka rangi iwe moja, kisha anafungua shimo katikati na kutia maji. Hapo kwenye maji ndipo tunapogombana. Yeye huipenda laini, mimi naitaka nzito, itulie kwenye mwiko. Sote wawili ni mafundi. Yeye aliacha kupanga matofali macho yalipoanza kumdanganya, na mimi nafanya kazi kwenye majengo ya Kisumu, nikiwa nimepanga chumba Nyalenda.

Krismasi iliyopita nilirudi kwetu, karibu na Katito, kujijengea nyumba ndani ya boma lake. Nilikuwa na matofali ya kuchoma, mke wa kuyalowesha kwenye pipa, na baba wa kukoroga. Nilikuwa na raha, sitaficha.

"Hii mota yako imekauka kama ugali ya jana," aliniambia asubuhi ya kwanza.

"Na yako inataka kikombe, mzee."

Alicheka mpaka akaegemea sepetu.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililonikaa moyoni. Kwetu, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Wengi siku hizi hawajali, ila baba yangu ameishika mila hiyo kwa mikono miwili. Atafika mpaka uani, ataletewa kiti, atakula, atasifu chakula, ataondoka. Nyumba za watu alizojenga maishani aliingia zote. Hii ya mwanawe ndiyo hataingia, na mwenye kuifunga ni mimi. Iliniuma.

Basi nikafanya kitu ambacho fundi mwenye akili hafanyi. Nilipandisha ukuta wa nyuma na kuta za pembeni, nikauacha wa mbele pale pale kwenye msingi. Kwenye pembe niliacha matofali yametokeza kama meno, ili nije kuunganisha baadaye. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: bila ukuta wa mbele hakuna mlango, na bila mlango bado si nyumba.

Baba aliona mara moja. Macho yake hayajafifia kiasi hicho.

"Kona zinapandanga pamoja," alisema. "Nani alikufundisha hii maneno?"

"Wewe."

Alinitazama, akatazama yale meno, kisha akarudi kwenye lundo lake akaanza kuligeuza.

Tangu hapo kila karai la mota alilileta mwenyewe hadi ndani. Angeweza kunipitishia kwa nje bila taabu, lakini alikuwa akiruka msingi, analitua miguuni pangu, halafu hana haraka ya kutoka. Alipima sebule kwa hatua zake. Alisimama penye nafasi ya dirisha, akasema, "Hapa utapata hewa ya ziwa." Mke wangu, kwa adabu, alituwekea chai juu ya msingi na kurudi jikoni. Tuliinywa humo ndani, baba ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu ameinyoosha kama mwenye nyumba. Sikumbuki chai nyingine iliyonikolea vile. Tulizungumza habari za mahindi na za majirani, na hakuna aliyetaja ukuta.

Nilikuwa tayari kuuchelewesha hata kwa kisingizio cha mvua. Yeye ndiye aliyekata shauri. Alasiri moja alimaliza chai, akainuka, akapapasa kuta zote tatu kwa kiganja, polepole, hadi akarudi alipoanzia.

"Ni nyumba mzuri, nyathina," alisema, akiniita mwanangu kwa Kijaluo. "Sasa funga."

Akaruka msingi, akachukua sepetu lake, akaanza kukoroga. Nilibaki ndani na mwiko mkononi. Kisha nikanyoosha kamba na kuanza kupanga. Ukuta ulimfika magotini, ukamfika kiunoni, na sasa karai lilipita juu ya matofali, kutoka mikono yake hadi yangu. Ulipomfika kifuani alinitania kwamba najenga polepole kama mtu wa kulipwa kwa siku. Nilicheka, nikaongeza mwendo. Kila karai la mota lililomfungia nje alinipa yeye mwenyewe.